Shofere kwanza, baiskeli baadaye: Lubumbashi hadi Musonoi kwa siku nne

Vijana wa Musonoi, jirani na Kolwezi, wanaijua baiskeli tangu utotoni, ila wengi wanaijua kama chombo cha kazi. Inabeba makala kutoka porini, inabeba unga na madumu ya maji, inambeba mgonjwa anayekimbizwa zahanati. Ndiyo maana wazo la marafiki watano kukanyaga pedeli kilomita kama 300 bila mzigo wa kuuza, kwa hamu tu ya kuiona nchi yao, huwashangaza wazee kidogo. Wazo hilo ni zuri na linawezekana. Linahitaji miguu iliyozoea, baiskeli zisizo na makuu, na mtu mmoja ambaye hatapanda baiskeli hata kidogo: dereva wa gari la kusindikiza.

Njia inayoelezwa hapa ni ile kuu ya ukanda wa shaba: Lubumbashi, Likasi, Fungurume, Kolwezi, kisha nyumbani Musonoi. Lubumbashi hadi Likasi ni kama kilomita 120, na Likasi hadi Kolwezi ni kama 180. Yote ni nyanda za juu, karibu kila mahali zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na Kolwezi yenyewe iko juu ya mita 1,400. Hakuna mlima wa kumvunja mtu moyo. Kuna vilima vya kupanda na kushuka siku nzima, na kuna malori.

Mtu wa Musonoi akifikiria safari hii, akili yake humtuma aanzie mlangoni kwake na kumalizia Lubumbashi, mji mkubwa. Afadhali ageuze. Pakieni baiskeli kwenye pikapu, nendeni Lubumbashi kwa gari, kisha mrudi mkiendesha. Sababu ya kwanza ni upepo. Wakati wa kiangazi upepo wa Katanga huvuma zaidi kutoka kusini-mashariki, na huanza kupata nguvu jua likishapanda. Anayetoka Kolwezi kwenda Lubumbashi anaupokea kifuani siku zote tatu za kuendesha. Anayerudi, unamsukuma mgongoni. Ni hesabu ileile ya mwambao wa Tanzania: kutoka Bagamoyo kwenda Pangani na Tanga ni rahisi kusi ikivuma katikati ya mwaka, na kaskazi ya Desemba hadi Machi humfaa anayeshuka kutoka Tanga. Ambaye hakuuliza upepo hulipa kwa magoti.

Sababu ya pili ni kwamba kwenda kwa gari ni kuikagua njia. Dereva anaona mashimo yako wapi, bega la barabara linaishia wapi, mahali gani gari linaweza kuegeshwa nje kabisa ya lami. Waendeshaji nao wanaviona vilima kabla ya kuvionja. Mmoja ashike daftari na kuandika usomaji wa kilomita kwenye dashibodi kila mnapopita daraja, kijiji chenye kisima, kituo cha mafuta au zahanati. Daftari hilo litatumika siku zote zinazofuata, na litafaa kuliko ramani ya simu, kwa sababu kati ya mji na mji mtandao hukatika.

Kuhusu majira hakuna mjadala mrefu. Mvua za jimbo la Lualaba huanza kama Novemba na kuendelea hadi Aprili. Miezi ya kuendesha ni Mei hadi Agosti. Juni na Julai usiku huwa baridi kweli, joto likishuka chini ya nyuzi 10 mara kwa mara, hivyo koti na soksi nzito viingie garini hata kama mchana utavaa fulana. Septemba na Oktoba hakuna mvua kubwa, lakini joto hukaza na moshi wa mashamba yanayochomwa hujaa hewani.

Sasa dereva. Makundi mengi humtafuta mwisho, baada ya kununua matairi na kupiga picha za fulana mpya. Mtafuteni kwanza, na tarehe ya safari ifuate nafasi yake. Shofere mzuri wa kazi hii si yule anayejulikana kwa kufika Lubumbashi haraka kuliko wenzake. Ni mtu anayeweza kukaa kando ya barabara dakika arubaini akisubiri bila kukasirika na bila kunywa pombe, anayejua kubadilisha gurudumu la gari na kuziba pancha ya baiskeli, na ambaye hatasita kumwambia kijana wa miaka 25 mwenye kiburi, "Mdogo wangu, leo umechoka, panda garini." Akiwa mtu mzima kidogo kuliko waendeshaji, neno lake husikika. Mwiteni Papa au Yaya kama heshima ya umri inavyodai, na muda wote mkiwa barabarani neno lake kuhusu usalama liwe la mwisho.

Malipo yake yapangwe kabla ya kuondoka na yaandikwe: posho ya kila siku, chakula, kitanda cha kulala, mafuta, ada za barabarani. Dereva anayelala kwenye kiti cha gari wakati wenzake wako kitandani ni hatari ya kesho asubuhi. Hili linasahauliwa sana, na linastahili kusemwa kwa sauti.

Namna gari linavyokwenda ni jambo la pili ambalo watu hulikosea. Wengi hudhani gari la kusindikiza hufuata nyuma ya baiskeli, taa zikiwaka, mwanzo hadi mwisho. Waliotazama mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani mjini Kigali mnamo Septemba 2025, ya kwanza kufanyika Afrika, waliona magari ya timu yakiwafuata waendeshaji kwa karibu, baiskeli za akiba juu ya paa. Kule barabara ilifungwa. Huku haifungwi. Gari linalotambaa kwa kilomita 15 kwa saa kwenye barabara ya njia mbili linakusanya msururu wa malori nyuma yake, na dereva wa kwanza atakayekosa subira atapita mahali pasipopitika, akiwakuta waendeshaji mbele. Gari liruke mbele: liende kilomita 10, liegeshwe nje ya lami, lisubiri hadi mtu wa mwisho afike, kisha liruke tena. Kufuata nyuma kubaki kwa sehemu fupi tu, kama daraja jembamba au mahali penye matengenezo.

Kituo kizuri cha kusubiri kinaonekana hivi. Gari limesimama baada ya kona, kamwe si ndani yake, mahali ambapo lori linaloteleza haliwezi kulifikia. Mlango wa nyuma uko wazi. Beseni la maji na sabuni viko chini, kwa sababu mikono huoshwa kabla ya chochote. Ndizi zimekwisha kukatwa kutoka kwenye mkungu, karanga ziko kwenye bakuli lenye kifuniko. Mwendeshaji akifika, dereva anaandika saa yake, anampa maji, na wakati huyo anakunywa, yeye anainua gurudumu la nyuma na kulizungusha, akisikiliza kama kuna spoku inayogonga na kutazama kama rimu inayumba. Dakika tatu kwa kila baiskeli. Spoku moja iliyolegea ikikazwa saa tatu asubuhi, gurudumu halitakunjika saa nane mchana.

Kuwe na sheria moja ya kupoteana, na kila mtu aijue kwa kichwa: mtu wa mwisho asipofika kituoni ndani ya dakika arubaini na tano, gari linageuka kumtafuta, hakuna kupiga simu kwanza. Mtu huyo wa mwisho awe mzoefu kuliko wote. Yeye ndiye anayebeba pampu, viraka, funguo na filimbi. Anayependa mwendo wa kasi akae mbele, ila asivuke kituo cha gari kabla wenzake hawajafika.

Waendeshaji wanne hadi sita wanatosha. Kipimo ni gari lenyewe: siku mvua ya ajabu ikinyesha au watu wawili wakiharisha, watu wote na baiskeli zote ziweze kupakiwa kwa mkupuo mmoja. Kama hamuenei, mko wengi mno.

Baiskeli ichaguliwe kwa kumfikiria fundi wa kando ya barabara. Ile ya chuma yenye gia moja, inayobeba makala kila siku, ni nzito, lakini tairi, tyubu, pedeli na mnyororo wake vinapatikana hata sokoni Fungurume. Baiskeli yenye gia nyingi hupunguza maumivu ya vilima na ni nzuri, mradi haina vipuri vya kuagizwa kutoka nje. Jambo kubwa ni kundi zima kutumia ukubwa mmoja wa magurudumu, ili tyubu na tairi za akiba zimfae kila mmoja. Garini ziwemo tyubu mbili kwa kila mtu, tairi mbili za kundi, spoku za urefu sahihi, kipande cha mnyororo, nyaya na mpira wa breki, mafuta ya mnyororo, na pampu ya kusimama. Kofia ngumu ya kichwa na fulana ya rangi kali inayong'aa ni lazima kwa kila mtu. Kioo kidogo kwenye usukani hugharimu pesa kidogo sana, na hakuna kifaa kingine kwenye njia hii chenye thamani hiyo.

Miezi miwili ya kujizoeza inatosha kwa mtu mwenye afya. Mkianzia Musonoi, nendeni kaskazini kuelekea Ziwa Nzilo, lile lililotokea Mto Lualaba ulipozuiliwa kwa bwawa la umeme mwanzoni mwa miaka ya 1950, na mrudi siku hiyohiyo. Fanyeni hivyo Jumamosi, na Jumapili mwendeshe tena ingawa miguu inauma. Miguu inayoweza kuamka siku ya pili ndiyo mnayoitafuta. Dereva naye aje angalau mara moja, mzoeane.

Malori yanahitaji maelezo yao. Yanayotoka Kolwezi kuelekea Lubumbashi na mpaka wa Kasumbalesa yamebeba shaba na kobalti. Yanayokuja upande wenu yamebeba mafuta, mashine, chokaa, salfa na asidi ya salfa inayotumika migodini. Februari 2019, karibu na Tenke, lori lililobeba asidi kwenda mgodini liligongana na magari mengine, asidi ikamwagika juu ya watu, na wengi wakafa. Familia za vijiji vile hazijasahau. Kwa hiyo msikae nyuma ya lori la tangi, msipumzike kando yake likiwa limeegeshwa, na mkikuta ajali yenye kimiminika barabarani simameni mbali, upande unakotoka upepo. Garini yawemo madumu ya maji safi yasiyoguswa kwa kunywa wala kupika, kwa sababu asidi ikimpata mtu ngozi inaoshwa kwa maji mengi, muda mrefu, na mara moja, huku nguo zilizolowa zikivuliwa.

Kongo tunapita mkono wa kulia. Endesheni mmoja nyuma ya mwingine, hatua mbili au tatu kutoka ukingoni mwa lami ili mpate nafasi ya kukwepa. Kioo kikionyesha lori nyuma na macho yakiona lori lingine mbele, tokeni kwenye lami kabisa, msimame, yapite. Sekunde ishirini. Asubuhi jua liko mgongoni mwenu, na anayekuja nyuma anawaona vizuri. Lakini yule anayewakabili, jua lipo machoni mwake, na akitaka kulipita gari lililo mbele yake huenda asiwaone kabisa. Alasiri mambo hugeuka, na jua huwapiga machoni nyinyi pamoja na wanaotoka nyuma yenu. Mpango wa kila siku uwe kuondoka mara tu kunapokucha vizuri, saa kumi na mbili na nusu, na kumaliza kabla ya saa tisa alasiri. Hakuna kuendesha usiku, hata kilomita tano.

Vumbi nalo lina habari yake. Utafiti uliofanywa Kasulo, mtaa wa Kolwezi, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wakishirikiana na wa Leuven huko Ubelgiji, uliochapishwa mwaka 2018, uliwakuta wakazi, hasa watoto, na kobalti nyingi mwilini kutokana na vumbi la uchimbaji. Safari ya siku nne haitamfanya mtu kuwa mchimbaji, lakini kuna sehemu vumbi litawaingia puani. Kitambaa kilicholowanishwa au barakoa, matunda ya kuoshwa au kumenywa, chakula chenye kifuniko, mikono ya sabuni. Usiku nguo za barabarani zisiingie kitandani.

Kula vizuri hakuhitaji chakula cha ajabu. Asubuhi uji mzito wenye karanga au mikate na chai yenye sukari. Njiani ndizi, viazi vitamu vya kuchemsha, mayai, karanga za chumvi. Jioni bukari ya kutosha, sombe, maharage, samaki. Nyama nyingi ya mafuta mchana inalaza miguu. Maji ni nusu lita hadi lita moja kwa saa, kufuatana na jua. Mtu akitoka jasho sana au akiharisha, mchanganyiko wa lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, humrudisha vizuri. Chandarua kisiachwe nyumbani.

Siku ya kwanza, msianze kukanyaga pedeli katikati ya Lubumbashi. Gari liwatoe nje ya mji hadi magari ya mitaani yatakapopungua, na safari ianzie hapo; hakuna heshima yoyote iliyopotea. Kabla ya Likasi mtavuka Mto Lufira. Pumzikeni ng'ambo, mbali na daraja, mkumbushane yaliyotokea. Septemba 1961, wakati Katanga ilipojitenga, askari wa Kiayalandi zaidi ya 150 wa Umoja wa Mataifa walizingirwa Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, na kikosi kilichotumwa kuwaokoa kilizuiwa kwenye daraja la Lufira hapohapo. Mwanzoni mwa Januari 1963 askari wa Kihindi wa Umoja wa Mataifa waliuvuka mto huo na kuingia Jadotville, na kabla ya mwezi kwisha Kolwezi nayo ilikuwa imefikiwa. Mzee yeyote wa miaka 75 wa Likasi anaweza kuwaambia mengi kuliko haya, mkimsalimia vizuri na kumwachia nafasi ya kuzungumza.

Siku ya pili ni ya kupumzika Likasi. Kundi litataka kuiruka. Msikubali: siku hiyo magurudumu yanakazwa, nguo zinafuliwa, na dereva analala mchana. Msiitumie kwenda Shinkolobwe, jirani na mji, eti kuona mahali yalipotoka madini ya urani ya mabomu ya 1945. Mgodi huo umefungwa kwa amri tangu 2004, na ni mahali pa kukamatwa na kupata madhara ya mionzi.

Siku ya tatu, Likasi hadi Fungurume, ni fupi kuliko zote na ndiyo yenye vilima vya kupendeza, msitu wa miombo ukiwa pande zote mahali ambapo makala hayajaumaliza. Mtakutana na wachuuzi wa makala wakisukuma baiskeli zenye magunia marefu kuliko wao. Wapisheni, wasalimieni, na dereva awe na kiraka cha ziada kwa ajili yao. Mtu aliyepata pancha na mzigo ule yuko katika shida kubwa kuliko yenu. Fungurume tafuteni vitanda mapema, kwa kupiga simu siku moja kabla, kwani mji una wafanyakazi wengi wa migodi na vyumba hujaa.

Siku ya nne ni kama kilomita 100, na katikati yake mtavuka Lualaba. Mto unaonekana mdogo pale. Maji yake hupitia mabwawa ya Nzilo na Nseke, yakafika Kisangani yakaitwa Kongo, na huishia Atlantiki huko Moanda, kwenye pwani ya nchi yetu yenye urefu wa kama kilomita 40 tu. Kutazama kunaruhusiwa; kupiga picha madaraja, vizuizi vya barabarani, kambi za askari na uzio wa migodi kutawaletea maswali ya saa nzima. Simu zibaki mifukoni hadi mko kijijini, na hata hapo muombe ruhusa.

Kila mtu awe na kadi yake ya mpiga kura au pasipoti, pamoja na nakala zinazobaki garini. Karatasi za gari na bima zikaguliwe wiki moja kabla. Kwenye kizuizi azungumze mtu mmoja tu, dereva au kiongozi, kwa upole, wengine wakikaa kimya. Mfuko wa pamoja uwe na faranga za noti ndogo kwa ajili ya vijijini na dola safi kwa ajili ya mafuta na vyumba. Dola iliyochanika hata kidogo pembeni itakataliwa, mwombe vipi.

Mkikaribia Kolwezi barabara inajaa: pikipiki, mabasi madogo, malori yanayoingia migodini. Hapa gari liruke kilomita tatu tatu badala ya kumi, na kundi liingie mjini likiwa pamoja. Saa zikishapita tisa na bado mko mbali, pakieni baiskeli na mmalize kwa gari. Mkifika Musonoi, osheni minyororo jioni hiyohiyo, na hesabu ya mfuko wa pamoja ifungwe mezani, shofere akiwepo, na chochote kilichobaki cha posho yake kiwe mkononi mwake kabla watu hawajatawanyika. Daftari la kilomita likabidhiwe kundi litakalofuata.